Kiazi Kikubwa cha Baba Peace

Fidelia wa Kifanya hakuwa mchoyo, mtu asimsingizie. Ukifika kwake na njaa utakula, na ukiondoka utafungiwa cha njiani. Ila fedha alikuwa anaificha. Aliificha kwenye kihenge cha mahindi, akaificha ndani ya mzinga uliohamwa na nyuki, na mwaka mmoja akaificha chini ya jivu katikati ya mafiga, akasahau, akawasha moto wa maharage. Alililia ile noti siku mbili. Siku ya tatu alikuwa anatafuta mahali pengine pa kuficha. Posta ya Njombe mjini aliingia mara moja tu maishani. Karani akamweleza kwa upole jinsi fedha inavyobaki pale dirishani na bado ndugu yako akaipokea Iringa. Fidelia alimtazama yule karani kwa huruma, akamuaga, akatoka zake.

Jambo la pili ambalo Kifanya nzima ililijua ni kwamba yeye na gari hawakuivana. Wapo watu wanaochefuliwa na gari wakasinzia kidogo yakaisha. Fidelia alianza kuchefuka gari likiwa limesimama, dereva bado anakunywa chai. Mara ya mwisho kukubali kuingia kwenye basi alikuwa anamsindikiza mama mkwe wake hospitali ya Ilembula. Mgonjwa alikuwa mama mkwe. Lakini waliposhuka, abiria wenzao walimbeba Fidelia juu juu, bibi kizee akabaki amesimama na kikapu anauliza na yeye aelekee wapi. Tangu siku hiyo Fidelia akaapa kutembea kwa miguu. Dada yake alipolazwa Ikonda alitembea siku tatu nzima, milima kwa mabonde, na alipofika akaambiwa mgonjwa alishapona, ameondoka jana na basi. Akageuza, akarudi kwa miguu.

Mumewe, Lukas, alikuwa mtu wa viazi. Watu wote wa kule ni watu wa viazi, lakini Lukas alizidi. Siku ya kuvuna aliketi kwenye kigoda mbele ya lundo, akashika kiazi kimoja kimoja, akakigeuza, akahesabu macho yake. Kile kikubwa, laini, chenye macho mengi, kilikwenda darini kuwa mbegu. Kilichobaki, yaani vile vidogo na vile vilivyokatwa na jembe, ndicho chakula cha nyumba. Miaka ishirini na mbili ya ndoa Fidelia alimenya viazi vya ukubwa wa gololi, na kila alipolalamika, Lukas alimjibu kwamba kiazi kizuri kikiingia chunguni hasara yake inafika mpaka mwaka kesho. Mbegu yenyewe hakuikata vipande kama majirani. Alipanda kizima. Wanaokata, alisema, wanapanda uozo.

Basi mtu huyu mwangalifu ndiye aliyefungwa kwa moto. Ilikuwa Oktoba, wakati wa kusafisha mashamba, akachoma majani yake kama kila mtu anavyochoma, upepo ukageuka, moto ukaruka barabara ukaingia kwenye msitu wa miti ya kijiji. Ulipozimwa, miti mia kadhaa ilikuwa mikaa. Lukas hakubisha. Alisimama mbele ya hakimu akakubali kosa, na akaomba radhi kwa miti. Hakimu akasema faini au mwaka mmoja. Fedha ya faini haikuwapo, maana akiba yote ya nyumba ile ilikuwa mbegu iliyokaa darini. Lukas akapelekwa kwenye gereza la kilimo, huko bondeni, barabara ya Mbeya.

Hakimu alimwelewesha Fidelia vizuri: siku yoyote mtakapopata fedha, ipelekeni kule kule kwa mkuu wa gereza. Miezi aliyokwisha kukaa itapunguzwa, mtalipa iliyobaki, mtu wenu atatoka.

Wiki ya kwanza bila Lukas, Fidelia alipanda darini kwa kisirani, akachagua viazi vikubwa kuliko vyote, akavipika sufuria tele. Alisema leo nitakula kama mtu. Peace, binti yao, alikula na kusifia. Fidelia alitafuna kimoja, kikagoma kushuka. Aliketi pale jikoni na kile kiazi mkononi, akagundua kwamba anamkumbuka yule mtu mbishi kuliko alivyodhani ingewezekana, akaweka sahani chini, akalia.

Halafu posa ya Peace ikaja, kijana mwalimu, jina lake Nathanieli, kwao Wakristo safi wa Kilutheri hawana neno. Harusi ikapangwa Jumamosi inayofuata Pasaka. Na hapo ndipo Lameki alipojitokeza. Lameki ni kaka yake Lukas, mtu wa sauti kubwa, na alijitangaza mwenyewe kwamba baba mzazi akiwa gerezani, baba mkubwa ndiye atakayemwingiza bibi harusi kanisani. Hakungoja jibu. Alikwenda Njombe akashonesha suti ya rangi ya kahawa, akaanza kufanya mazoezi uani kwake, amemshika mkewe mkono, hatua moja, anasimama, hatua moja, anasimama, kuku wanampisha.

"Mama," Peace alisema, "baba mkubwa Lameki akinishika mkono mbele ya watu, mimi nageuzia mlangoni. Namtaka baba."

"Utampata baba yako," Fidelia alijibu. Na alipokwisha kulisema hilo, ilibidi liwe.

Aliuza maharage, akauza mbuzi, akauza hata magunia mawili ya ile mbegu ya darini, huku akimwomba Lukas msamaha kimoyomoyo. Mwishoni mwa Januari alikuwa na noti nne za elfu kumi kumi, kiasi kilichotakiwa. Kilichobaki ni kuzifikisha. Peace alijitolea, akakataliwa: msichana aliyekwisha posewa harandi barabarani, tena na fedha. Kwa miguu ni mwendo wa wiki, na mwaka ule ndio ule wa mvua za El Nino, mito imefura kila mahali. Njia ikawa moja tu, nayo ni lori la Abdulatif.

Abdulatif alikuwa mfanyabiashara wa Makambako, Mwislamu, mtu wa kuja kutoka Kondoa, aliyekuwa akipita vijijini kununua viazi na kuvisafirisha. Kila mwezi alipita pale gerezani kununua kabichi za shamba lao. Fidelia hakumwamini hata kidogo, na sababu yake ilikuwa nzito: Abdulatif alinunua gunia la lumbesa, lile linaloshonewa kichwa juu mpaka linakuwa gunia na nusu, kwa bei ya gunia moja. Mtu anayeweza kukunyima nusu gunia mchana, machoni pako, atashindwaje na noti nne?

Fidelia akafanya kama alivyozoea. Alichukua kiazi kikubwa kuliko vyote vilivyobaki darini, kiazi cha kuonewa fahari, akakitoboa ubavuni kwa kisu, akakikomba ndani kwa kijiko. Akazikunja zile noti, akazifunga kwenye kipande cha mfuko wa plastiki wa bluu, akapiga mafundo matatu juu ya fundo, kama alivyofunga kila kitu chake. Akazisukuma ndani, akaziba kwa kile kipande alichokata, akakishikiza kwa vijiti vya mwanzi, akapaka udongo. Akakiweka kwenye kikapu pamoja na viazi vingine ishirini vizuri.

Kwa nini kikubwa? Kwanza ndicho chenye nafasi. Pili, na hili alilifikiria kwa mapenzi kabisa, alitaka yule mwanamume walau mara moja maishani mwake akate kiazi kikubwa, akile. Hapa ndipo mtu mzima mwenye akili zake aliposahau ameolewa na nani.

Abdulatif alikipokea kikapu, akainua kitambaa, akacheka.

"Mama Peace, nyuma huko nimepakia magunia themanini ya viazi, na wewe unanituma viazi?"

"Ni vya mume wangu. Ale vya kwao."

"Na fedha je? Mfungwa anahitaji sabuni, dawa ya meno. Nipe chochote, nitakikabidhi kwa afande, anaandika, nakuletea karatasi yake. Nawabebea watu wengi."

"Fedha niitoe wapi mimi, Bwana Abdulatif? Si magunia yangu yote uliyashonea vichwa?"

Abdulatif akatikisa kichwa, akaweka kikapu mbele, karibu naye, akaondoka. Barua ilikuwa ndani ya kikapu. Kwa kuwa alijua kule barua zinasomwa, Fidelia aliandika kwa kifupi: Mume wangu Lukas, kamwene. Sisi wazima. Nakutumia viazi vya nyumbani. Kile kikubwa ni chako peke yako, usimgawie mtu.

Akaanza kungoja. Februari yote alichemsha maji ya kuoga kila jioni, maana hujui mtu atatokea saa ngapi. Machi akachemsha. Kila gari lililosimama barabarani alitoka na kutazama. Lameki alikuwa amefikia hatua ya kufanya mazoezi akiwa na suti kabisa, na alikwisha andika hotuba ya kurasa mbili.

Jibu lilifika Jumapili ya Mitende, likasomwa pale pale nje ya kanisa. Fidelia alisoma polepole kwa kidole, kama alivyofundishwa darasa la nne.

"Mke wangu mpendwa Fidelia, kamwene. Viazi vilikawia sana Makambako kwa sababu daraja lilikuwa limechukuliwa na maji, kwa hiyo vilifika vikiwa vimechipua vizuri mno. Sikula hata kimoja. Mungu akubariki, ulijua ninachokikosa huku. Nimepewa matuta mawili kwenye bustani ya gereza. Kile kikubwa, kama ulivyoagiza, sikumgawia mtu. Kilikuwa na jeraha la jembe ubavuni, ila limekauka vizuri. Nimekipanda kizima, mwanzo wa tuta, karibu na bomba. Kimeota kabla ya vyote. Nikikitazama nakuona wewe."

Peace alimwona mama yake anaketi chini, kwenye majani mabichi, na kitenge chake cha kanisani.

"Mama! Baba amekufa?"

"Hajafa," Fidelia alisema. "Amevipanda."

Alicheka na kulia kwa pamoja, kiasi kwamba Dafroza wa kwaya alikimbia kuleta maji. Siku kumi na tatu zilibaki kufika harusi. Barua nyingine ingechukua mwezi. Fedha nyingine haikuwapo. Na habari yenyewe hakuwa na mtu wa kumtuma nayo, maana atamwambia nani, na nani atakwenda kumwamuru Lukas wa Kifanya ang'oe kiazi kilichoota? Hata malaika akishuka na amri hiyo, Lukas angemwambia asubiri kikomae. Ilibidi aende yeye. Na kwenda ni kwa gari.

Jumanne alfajiri Abdulatif alisimamisha lori, akashangaa kumwona Mama Peace ameshika limau mkono wa kulia, tangawizi mkono wa kushoto, na mifuko mitano mitupu kwapani.

"Unasafiri? Wewe?"

"Nifungulie mlango kabla sijabadili mawazo."

Safari ile haielezeki mbele ya watu wanaokula. Inatosha kusema kwamba mfuko wa kwanza haukufika Njombe mjini. Kutoka Njombe kwenda Makambako alikaa kichwa nje dirishani, kilemba kimefunguka kinapepea, na wachungaji wa ng'ombe waliokuwa pembeni walimpungia mkono wakidhani anawasalimu. Makambako Abdulatif alisimama kwake, mkewe Salha akamletea Fidelia chai ya rangi isiyo na sukari, akamwosha uso kwa mikono yake mwenyewe, asimuulize kitu. Lori likaingia barabara ya Mbeya. Walipopita njia panda ya Ilembula, Fidelia aliitazama kwa heshima. Huo ndio ulikuwa mpaka wa mbali kabisa aliowahi kuufikia akiwa ndani ya gari.

Labda ni udhaifu wa mwili uliomlegeza ulimi. Baada ya njia panda alimwambia Abdulatif yote, kiazi, noti, plastiki ya bluu.

Abdulatif alipunguza mwendo, akamgeukia.

"Kwa hiyo uliniona mwizi," alisema.

"Nilikuona mfanyabiashara."

"Mama Peace, mimi nimekaa ndani. Hukujua? Mwaka wa themanini na tatu, wakati wa msako wa wahujumu uchumi. Katoni tatu za sabuni, basi. Nimekaa miezi tisa kwa sabuni. Leo sabuni hiyo hiyo inapangwa barazani, na bwana biashara anakuja kunidai leseni kwa adabu." Akabadilisha gia. "Mama yangu alikuwa Kondoa, hana mtu. Akampa fedha dereva wa lori asiyemjua hata jina. Yule mtu aliileta yote, mpaka sumni ya mwisho. Ndio maana nabeba za watu. Kwa lumbesa unigombeze, una haki. Kwa hilo, hapana."

Fidelia aliona haya. Alitaka kuomba radhi, na alipofungua kinywa ulihitajika mfuko wa tano. Abdulatif akasimamisha lori, akamshikia kichwa, wakawa wamesameheana kwa namna hiyo.

Gerezani walipofika, mama wa watu alikuwa na rangi ya majivu. Afande Dorika, askari wa zamu pale getini, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita gwaride, alimtazama akasema mgonjwa apelekwe zahanati, hapa ni gereza. Abdulatif akaeleza kwamba huyu ni mke wa Lukas wa viazi. Pale pale uso wa afande ukabadilika.

"Wa viazi? Mbona hukusema! Lete kiti hapo!"

Fidelia akapelekwa kwenye kibanda cha wageni, kando ya bustani. Na bustani ndiyo ile. Matuta mawili yaliyonyooka, majani ya kijani yamejaa, na mwanzo wa tuta la kwanza, karibu na bomba, shina moja refu kuliko mengine, limezungushiwa vijiti, limetoa maua meupe. Aliitambua faini yake kwa mbali.

Lukas alikuja amevaa sare nyeupe, amekonda, anatabasamu mpaka masikioni.

"Kamwene, Fidelia."

"Kamwene, Baba Peace."

"Umekiona?" Hakuuliza nyumba, hakuuliza harusi. "Umekiona kilivyo?"

Fidelia alikuwa amepanga maneno njia nzima. Sasa Afande Dorika amesimama hatua mbili, anasikiliza, na kuficha fedha ndani ya chakula cha mfungwa ni kosa, hilo hata mtoto anajua. Angesema, yawezekana wakafungwa wote wawili, na Lameki apite na suti yake.

"Nimekiona," alisema. "King'oe."

"Kipi?"

"Kile kikubwa. King'oe, Lukas."

Lukas alicheka, kisha akaona hatanii. "King'olewe? Kina maua!"

"Nimeyaona maua yake."

"Ukiking'oa leo unapata gololi. Ngoja mwezi na nusu, unapata debe."

"Sina mwezi na nusu."

"Mama," Afande Dorika akaingilia, "hata mimi nasema kiachwe. Mkuu wa gereza ameshatoa agizo, mbegu ya msimu ujao itoke kwenye shina lile."

"Umesikia?" Lukas akapata nguvu. "Fidelia, tangu lini umeniona naharibu mbegu? Mimi nimefungwa, sijarukwa na akili. Niombe kingine chochote. Niombe vile vya tuta la pili. Hiki nimekitunza kila siku, nimekizungushia vijiti kisikanyagwe na mbuzi wa afande..."

Na akaendelea. Alieleza udongo wa pale, akaeleza maji, akaeleza ukungu wa majani na jinsi alivyoukabili kwa jivu. Alisimama mbele ya lile shina amepanua mikono, analilinda lisidhurike, na ndani ya lile shina umo mlango wake wa kutokea. Fidelia alimtazama kwa hasira na mapenzi kwa pamoja. Akasema lililokuwa kweli.

"Lukas, nimekuja na gari."

Lukas alikatika katikati ya ukungu wa majani.

Akamtazama mkewe vizuri kwa mara ya kwanza. Akaona kitenge kilichooshwa kwa haraka ubavuni. Akaona kilemba, macho mekundu, ganda la limau lililosagika mkononi.

"Na gari? Toka Kifanya?"

"Toka Kifanya."

"Umepita Ilembula?"

"Nimepita."

Lukas alivua kofia yake. Hakuuliza kwa nini. Akageuka.

"Afande, naomba jembe."

"Jembe la nini? Si umesema sasa hivi..."

"Naomba jembe, afande, tafadhali."

Alichimba mwenyewe, polepole, mbali na mizizi, kwa mazoea ya maisha yote. Akaling'oa lile shina na maua yake, viazi vichanga vya ukubwa wa gololi vikaning'inia, akavitazama, akaviweka chini. Akaingiza mkono kwenye shimo akatoa mabaki ya kiazi mama, laini, yaliyooza, na ndani yake kitu cha bluu. Mafundo matatu juu ya fundo. Hakukuwa na haja ya kuambiwa ni mkono wa nani.

"Umeficha," alisema.

"Nimeficha."

Afande Dorika alipokea lile furushi, akalifungua. Noti zilikuwa na unyevu kidogo pembeni, basi. Sura yake ikawa ya kazi.

"Mama, hii umeiingiza gerezani ndani ya kiazi?"

"Ndiyo, afande. Ni faini yake. Kosa ni langu, yeye hakujua. Nifungeni mimi badala yake, nitalala hapa hapa. Ila yeye aende, binti yake anaolewa, asiingizwe kanisani na Lameki."

Afande hakumjua Lameki, lakini namna lilivyotamkwa lile jina alielewa kwamba ni jambo zito. Akawapeleka kwa mkuu wa gereza. Mkuu alimgombeza Fidelia kwa muda unaostahili, akamweleza sheria, akamweleza dirisha la kupokelea fedha liko wapi na kwamba liko wazi siku zote za kazi. Fidelia akaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee. Kisha mkuu akamgeukia Lukas, mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Nimetumikia miaka kumi na tisa," alisema akijifuta macho. "Nimekamata vitu ndani ya mikate, ndani ya soli za viatu. Mfungwa wa kufukia ufunguo wake mwenyewe na kuumwagilia maji kila asubuhi, wewe ndiye wa kwanza."

"Na mbolea niliweka, mzee," Lukas alijibu kwa unyonge.

Kwa kuwa miezi ilikuwa imesonga, deni la mahakama nalo lilikuwa limepungua. Wakaandikiwa risiti, noti moja ikarudi. Fidelia aliishika ile noti, na macho yake yakaanza kutembea peke yao, yakitafuta mahali: pindo la kitenge, kilemba, soksi ya Lukas. Wakatoka getini. Abdulatif alikuwa anapakia kabichi. Fidelia akaenda mpaka kwake, akamwekea noti mkononi mbele ya watu wote.

"Nishikie mpaka nyumbani."

Abdulatif aliitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo. Njia nzima ya kurudi Fidelia aliutazama ule mfuko, kila alipopata nafasi ya kutazama. Nafasi haikuwa kubwa. Safari hii aliyemshikia kichwa ni Lukas, na mkono wa pili wa Lukas ulishika kitambaa chenye vile viazi vichanga, maana Afande Dorika alimruhusu avichukue. Alisema vikitunzwa gizani vitachipua.

Harusi ilikuwa Jumamosi ile ile iliyopangwa. Lameki alinuna siku tatu, kisha akakubali kutoa suti, kwa sharti kwamba watu waambiwe ni yake. Ilimpwaya Lukas mabegani, suruali ikajikunja vifundoni. Aliingia nayo kanisani amemshika Peace mkono, akasahau kusimama kila hatua kama Lameki alivyomfundisha, wakafika madhabahuni kabla kwaya haijamaliza ubeti wa kwanza. Nyumbani Fidelia alikuwa amepika masufuria sita ya viazi vikubwa vya darini. Lukas alivitazama, akameza mate kwa uchungu, akachukua kimoja, akala chote.

Ulipofika wakati wa baba wa bibi harusi kusema, Lameki alimsukumia ile hotuba ya kurasa mbili. Lukas alisimama, akaitazama karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa suti ya watu. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Peace, mwanangu," alisema. "Na wewe Nathanieli, sikiliza. Nilipokuwa kule, Mama Peace alikuja na gari."

Akaketi.

Upande wa bwana harusi walingoja aendelee. Mwenye kipaza sauti alikigonga akidhani kimezimika. Lakini upande wa Kifanya watu wazima waliinamisha vichwa, na Dafroza wa kwaya alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya khanga. Abdulatif, aliyekuja na mkewe na kuketi meza ya nyuma, alisimama akaanza kupiga makofi, na Kifanya nzima ikasimama naye. Fidelia hakuweza kuvumilia kutazamwa hivyo. Alinyanyuka akaenda jikoni, akasema anaangalia viazi visiungue.